Kuruka zamu ya lupu ya nje ukiwa ndani ya lupu nyingine

Ukiandika `continue` ndani ya lupu (maagizo yanayorudiwa zamu kwa zamu) iliyo ndani ya lupu nyingine, inayorukwa ni zamu ya ile lupu ya ndani tu. Lupu ya nje haina habari. Karibu kila kijana ninayemfundisha Python analijua hili ukimwuliza. Hata hivyo, ndiyo hitilafu ninayokutana nayo mara nyingi nikipitia kazi za watu, kwa sababu haipigi kelele: programu inakwenda mpaka mwisho, skrini haioneshi kosa lolote, namba zinatoka, na namba zenyewe zinaaminika kabisa kwa macho.

Nitatumia mfano wa matokeo ya shule, maana huko ndiko nilikoona madhara yake kwa karibu. Shule moja ya sekondari iliniomba niangalie programu yao ya kukokotoa wastani wa mtihani wa muhula. Mwalimu wa taaluma alikuwa na malalamiko ya mzazi: binti wa kidato cha tatu, ambaye kila mwalimu anamjua kuwa ni wa 70, karatasi yake imetoka na wastani wa 60. Sehemu iliyohusika, nikiiandika kwa ufupi, ilikuwa hivi:

```python
for mwanafunzi in darasa:
    jumla = 0
    for somo in masomo:
        alama = mwanafunzi["alama"][somo]
        if alama == "X":
            continue
        jumla += alama
    wastani[mwanafunzi["namba"]] = jumla / len(masomo)
```

Binti aliugua siku ya mtihani wa Kemia. Mwalimu wa somo akaandika X, kama ilivyo desturi kwa asiyefanya mtihani. Aliyetengeneza programu alitaka mwanafunzi wa namna hiyo arukwe, asipewe wastani mpaka afanye mtihani wake, ndiyo maana akaweka `continue`. Lakini `continue` ile iliruka Kemia tu. Masomo sita yaliyobaki yakajumlishwa, 70 mara 6 ikawa 420, kisha mstari wa mwisho ukagawanya kwa 7. Ikatoka 60. Mtoto aliyekuwa mgonjwa amepewa sifuri ya Kemia, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeiandika sifuri hiyo.

Kijana anayeitunza programu ile, alipoelezwa, akafanya kile ambacho wengi hukikimbilia: akafuta `continue`, akaweka `break`. Hapo mambo yakazidi kuharibika. `break` inavunja lupu ya ndani, sawa, lakini mstari wa wastani uko nje ya lupu hiyo, kwa hiyo unatekelezwa vilevile. Kemia ilikuwa ya tatu kwenye orodha ya masomo. Programu ikajumlisha mawili ya kwanza, 140, ikagawanya kwa 7, ikampa binti 20. Mwalimu wa taaluma akasogea karibu na skrini, akauliza, "Na huyu hapa chini naye ana X moja tu, mbona yeye ana 60?" Tukafungua alama zake: X yake ilikuwa kwenye somo la mwisho kabisa. Watoto wawili wenye alama zilezile, kila mmoja amekosa mtihani mmoja, wametofautiana kwa alama 40 kwa sababu tu ya mpangilio wa masomo kwenye orodha.

Kwa hiyo, kabla hujachagua neno lolote la kuandika, jiulize: anayerukwa hapa ni nani, somo au mwanafunzi? Liandike jibu kwa Kiswahili cha kawaida, kama maoni juu ya lupu: "mwenye X hapewi wastani, aende kwenye orodha ya wasiokamilika." Swali hili si la kompyuta, ni la mwenye kazi. Kama shule ingesema somo lirukwe na wastani utokane na masomo aliyoyafanya mtoto, `continue` ya mwanzo ingekuwa sahihi kabisa na kosa lingekuwa kwenye kigawanyo. Nimeona watu wakibishana muda mrefu kuhusu `break` na `continue` kumbe hakuna aliyemwuliza mwalimu anataka nini.

Jibu likishakuwa "mwanafunzi", njia ninayoipendekeza kwanza ni kuitoa lupu ya ndani na kuipa fankisheni yake, yaani kipande cha msimbo chenye jina kinachoitwa kinapohitajika:

```python
def jumla_ya(alama, masomo):
    jumla = 0
    for somo in masomo:
        if alama[somo] == "X":
            return None
        jumla += alama[somo]
    return jumla

for mwanafunzi in darasa:
    jumla = jumla_ya(mwanafunzi["alama"], masomo)
    if jumla is None:
        wasiokamilika.append(mwanafunzi["namba"])
        continue
    wastani[mwanafunzi["namba"]] = jumla / len(masomo)
```

Tazama kilichotokea kwa `continue`. Sasa imekaa kwenye lupu ya nje, ndani ya lupu hiyo hakuna lupu nyingine inayoonekana, na haiwezi kumchanganya msomaji. `return` inatoka kwenye lupu ya ndani mara moja, hata kama siku moja mtu ataongeza lupu ya tatu humo, ya karatasi za somo kwa mfano. Na fankisheni yenye jina inaweza kujaribiwa peke yake: unaipa alama za mtoto mmoja, unaangalia inarudisha nini.

Hapo kuna kijiti kimoja cha kujikwaa. Andika `if jumla is None`, usiandike `if not jumla`. Kwa Python, sifuri nayo huhesabika kuwa si kweli. Mtoto aliyefanya mitihani yote akapata sifuri kila mahali amekamilisha. Ana wastani, nao ni sifuri. Ukiandika `if not jumla` utamtupa kwenye orodha ya wasiokamilika, na mwalimu atamtafuta afanye mtihani ambao tayari ameshaufanya.

Kazi ikiwa nyepesi kama hii, hata fankisheni si lazima. Uliza kwanza kama kuna X, ndipo ujumlishe:

```python
if any(mwanafunzi["alama"][s] == "X" for s in masomo):
    wasiokamilika.append(mwanafunzi["namba"])
    continue
```

`any` inasimama pale inapokutana na X ya kwanza, haiendelei kukagua masomo yaliyobaki. Baada ya mistari hiyo mitatu unajua kila anayepita chini ana alama kamili, na lupu ya kujumlisha haina haja ya sharti lolote. Wapo watakaosema unapita kwenye orodha mara mbili. Ni kweli, na kwa masomo saba hutaona tofauti. Orodha ya ndani ikiwa na mamilioni ya vitu, hapo pima, halafu uamue.

Python ina njia nyingine ambayo wengi hawaijui: `else` ya lupu. Inatekelezwa pale tu lupu ilipomalizika bila kukutana na `break`.

```python
for mwanafunzi in darasa:
    jumla = 0
    for somo in masomo:
        alama = mwanafunzi["alama"][somo]
        if alama == "X":
            wasiokamilika.append(mwanafunzi["namba"])
            break
        jumla += alama
    else:
        wastani[mwanafunzi["namba"]] = jumla / len(masomo)
```

Inafanya kazi sawasawa na inavyotakiwa. Ninaitumia nikiwa peke yangu. Kwenye msimbo wa timu ninasita, maana ile `else` iko mbali na `if`, na msomaji mgeni hudhani imekosewa nafasi. Kuna wakati mtu "huirekebisha" kwa kuisogeza ndani ili ilingane na `if`, akiuingiza humo na mstari wa `jumla += alama`, na hapo wastani unaanza kuandikwa upya kila somo linapopita.

Njia ya bendera, yaani kigeu kama `ana_x = False` kinachogeuzwa kuwa `True` ndani na kukaguliwa nje, ndiyo inayofundishwa sana, na mimi ndiyo ninayoipendekeza mwisho. Tatizo lake ni pa kuikalisha. Ukiiweka juu ya lupu ya nje badala ya ndani yake, mwanafunzi wa kwanza mwenye X ataiinua na hakuna wa kuishusha; wote wanaomfuata watahesabiwa kuwa hawakukamilisha. Kama ni lazima uitumie, mstari wa kuishusha uwe wa kwanza kabisa ndani ya lupu ya nje.

Watu wanaotoka Java huuliza kwa nini Python haina lebo, yaani jina linalopewa lupu ili `break` au `continue` iitaje. Ombi hilo lilishapelekwa rasmi. Mwaka 2007 Matt Chisholm aliandika pendekezo la PEP 3136, akitaka `break` na `continue` ziweze kutaja lupu inayokusudiwa. Guido van Rossum, muundaji wa Python, alilikataa mwaka huohuo. Hoja yake ilikuwa kwamba msimbo unaohitaji kitu hicho kweli ni nadra, mara nyingi `return` inatosha, na kwamba lebo zingetumiwa vibaya na watu wengi kuliko watakaonufaika nazo. Miaka yote niliyoandika Python nimekuja kukubaliana naye kwa sehemu kubwa: kila nilipoitamani lebo, kulikuwa na fankisheni iliyokuwa inasubiri kupewa jina.

Lakini ukiwa Java, lebo ipo, na usiionee haya (hapa `null` ndiyo X):

```java
wanafunzi:
for (Mwanafunzi m : darasa) {
    int jumla = 0;
    for (String somo : masomo) {
        Integer alama = m.alama(somo);
        if (alama == null) {
            wasiokamilika.add(m.namba());
            continue wanafunzi;
        }
        jumla += alama;
    }
    wastani.put(m.namba(), (double) jumla / masomo.size());
}
```

Angalia jina. Watu huandika `outer:` au `nje:`, na lupu zikifika tatu hakuna anayejua nje ya wapi. Lebo ikiitwa `wanafunzi`, mstari wa `continue wanafunzi` unasomeka kama sentensi: endelea na wanafunzi. JavaScript, Go, Rust, Kotlin na Perl nazo zina lebo, kila moja kwa uandishi wake. Kwenye C, kwa miaka yote watu wametumia `goto`, neno la kurukia mstari uliopewa jina, na kwa kazi hii moja ya kutoka kwenye lupu za ndani sioni sababu ya kuiogopa.

PHP na Bash zimechukua njia ya namba. Unaandika `continue 2`, ikimaanisha lupu ya pili ukihesabu kutoka ulipo kwenda nje. Ni fupi, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Namba haijui jina la lupu. Mtu akiongeza lupu katikati baada ya miezi, 2 ileile inaelekea kwingine, bila kosa wala onyo. PHP ina mtego wa ziada: `switch` nayo inahesabiwa kama lupu. `continue` ukiiandika ndani ya `switch` inafanya kazi ya `break`, haikupeleki zamu inayofuata ya lupu yako. Unahitaji `continue 2`. Tangu PHP 7.3 lugha yenyewe inatoa onyo kuhusu jambo hilo, kwa hiyo ukiliona onyo hilo usilizime.

Kwenye JavaScript kuna jingine linalowasumbua vijana: `forEach`, inayoita fankisheni yako kwa kila kitu cha orodha. Ndani yake huwezi kuandika `continue` wala `break`, kwa kuwa kilichomo ni fankisheni. Watu huandika `return`, ambayo inaruka kitu kimoja tu na kwenda kinachofuata. Ukiwa na `forEach` ndani ya `forEach`, `return` ya ndani inakurudisha palepale binti wa Kemia alipoumizwa. Ukihitaji kuruka cha nje, badilisha zote mbili ziwe `for...of`, uweke lebo.

Na kwa wanaotumia `while` zenye kihesabio: hakikisha `i += 1` inatangulia `continue`. Ikiwa chini yake, itarukwa, na lupu itazunguka mahali pamoja mpaka uizime.

Njia yoyote utakayoichagua, ijaribu kwa darasa dogo unaloweza kulikokotoa kwa kichwa. Mimi hutumia wanafunzi watano: mwenye alama zote, mwenye X somo la kwanza, mwenye X katikati, mwenye X somo la mwisho, na mwenye sifuri masomo yote. Wapange mwenye alama zote awe wa mwisho, kwa sababu bendera iliyosahaulika kushushwa huonekana kwa anayekuja baada ya mwenye X. Wastani utoke kwa wawili tu, wa sifuri na wa alama zote, na orodha ya wasiokamilika iwe na watatu. Halafu ugeuze mpangilio wa masomo, uendeshe tena. Namba hata moja ikibadilika, rudi kwenye lupu ya ndani uangalie kinachorukwa.