Maswali na majibu: mwongozo wa inxi usiompoteza fundi

Safari hii karibu barua zote zinagusa kitu kimoja. inxi ni programu ya terminali (dirisha la kuandikia amri) ya Linux inayosoma taarifa za vifaa vya kompyuta: prosesa, ramu, diski, betri, kadi ya picha. Inakuja na mwongozo mrefu wa Kiingereza, na mafundi kadhaa wa huku kando ya ziwa wameanza kuandika wa kwao kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa dukani. Kuandika si kazi sana. Kazi ni kuufanya mwongozo ubaki wa kweli baada ya miezi sita.

Habari za kazi. Duka letu la Kirumba lina mwongozo wa kurasa sita. Vijana wakiandika amri, wanachokiona hakifanani na mfano tuliouweka. Tumekosea wapi?

Huenda hamkukosea, mfano umezeeka. inxi hubadilisha majina ya vipengele toleo hadi toleo. Ubuntu 20.04 inakuja na inxi 3.0.38, na humo mstari wa prosesa unaanza na `Topology:`. Debian 12 inakuja na 3.3.26, na mstari uleule unaanza na `Info:`. Kijana aliyeambiwa atafute Topology kwenye Debian atatafuta mpaka duka lifungwe.

Dawa ya kwanza ni ndogo. Juu ya kila mfano wekeni mstari mmoja wenye amri kamili, toleo la inxi (mnalipata kwa `inxi -V`), mfumo na tarehe. Mfano usio na toleo msiuamini, hata kama mliuandika nyie wenyewe.

Dawa ya pili: msinakili mifano kwa mkono. Tengenezeni skripti ndogo inayoizalisha upya:

```
export LC_ALL=C
for a in -M -C -D -B; do
  inxi $a -z -c 0 -y 80 > mifano/inxi$a.txt
done
```

`-c 0` inaondoa rangi, ambazo zikiingia kwenye faili huonekana kama takataka za `[0m`. `-y 80` inafunga upana kwenye herufi 80, ili mistari isikatike mahali tofauti kwenye kila skrini. `LC_ALL=C` inafanya mpangilio wa lugha wa mashine usiguse matokeo. Hilo ni muhimu zaidi mkichanganya na amri kama `lscpu`, ambayo hutafsiri lebo zake kufuata lugha ya mfumo.

Kisha kuna kujua ni lini mwongozo umepitwa. Mkilinganisha matokeo ya jana na ya leo moja kwa moja, mtazama kwenye kelele: kasi ya prosesa imebadilika, joto limebadilika, nafasi ya diski imebadilika. Mnachotaka ni majina tu. Kwa matoleo ya 3.3, `-y 1` inaweka kila lebo na thamani yake kwenye mstari wake, halafu `sed` inafuta namba:

```
inxi -Fxz -c 0 -y 1 | sed 's/[0-9][0-9]*/N/g' > majina.txt
```

Hifadhini `majina.txt` kwenye git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili) pamoja na mwongozo. Kila mkisasisha inxi, rudieni amri hiyo kwenye mashine ileile kisha `git diff`. Mstari uliobadilika ndio aya ya kurekebisha. Tunasisitiza mashine ileile kwa sababu mkihama kutoka kompyuta ya Intel kwenda ya AMD, tofauti zitakuwa za vifaa na mtarekebisha kisichoharibika.

Mimi naandika kwa ajili ya wanafunzi wangu Buzuruga. Nitafsiri hata majina yanayotokea kwenye skrini, kama `cache` na `driver`?

Hapana. Kilichopo kwenye skrini kiache kama kilivyo, herufi kwa herufi, kisha eleza kwa Kiswahili pembeni. Mwanafunzi analinganisha kwa macho. Akisoma "kiendeshi" kwenye karatasi na `driver` kwenye skrini, umempa kazi mbili badala ya moja. Kwenye maelezo yako sasa chagua neno moja na ung'ang'anie hilohilo. Kama `core` ni kiini, iwe kiini ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, isigeuke "koa" ukurasa wa nne. Orodha ya maneno ishirini ukurasa wa mbele inatosha.

Mteja wangu hapa Musoma alinunua diski ya GB 500. inxi ikasema 465.76 GiB, akaja juu kwamba nimempunja. Mwongozo wetu hausemi lolote kuhusu hili.

Basi useme, na uweke hesabu yenyewe, maana mteja mwenye hasira hatulizwi na neno "takriban". Mtengenezaji wa diski anahesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. GiB ni baiti 1,073,741,824. Diski ya GB 500 kwa kawaida ina baiti 500,107,862,016; gawanya kwa namba ya pili upate 465.76. Hakuna kilichopotea. Weka jedwali dogo la zile zinazouzwa sana: GB 256 huonekana 238.47 GiB, TB 1 huonekana 931.51 GiB.

Ramu ni habari nyingine, usiichanganye humo. Kijiti cha ramu cha GB 8 ni kweli 8 GiB. Ikionekana 7.6 au hata 7.2, sehemu iliyopungua imeshikwa na BIOS, kerneli na kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa. Anayetaka kuona vijiti vyenyewe, kimoja kimoja na nafasi zake, atumie `sudo inxi -m`. Hiyo `-m` haimo ndani ya `-F` (chaguo la kuonyesha taarifa kamili), jambo ambalo miongozo mingi inalisahau.

Nasoma Malimbe. Nimeandika ukurasa wa Kiswahili wa kusomwa kwa amri ya `man`. Baadhi ya mistari inapotea kabisa! Faili ninayo, maneno yamo, lakini kwenye skrini hayapo.

Fungua faili uangalie mistari iliyopotea inaanza na nini. Tunaweka dau ni nukta au alama ya mkato wa juu. Kwenye faili za `man`, mstari unaoanza na `.` au `'` ni agizo kwa kichapishi (programu inayopanga maandishi kwenye skrini, si printa) na si maandishi. Ukiandika sentensi ikaangukia mstari mpya kwa `.bashrc`, kichapishi kinatafuta agizo liitwalo bashrc, hakilioni, kinaendelea na safari kimya kimya. Tanguliza `\&` mbele yake: `\&.bashrc`. Mstari unarudi.

Maadam umefika huko, kuna mengine matatu utakayokutana nayo.

Kistari cha machaguo kiandike `\-F`, siyo `-F`. Kwenye baadhi ya mifumo kistari kitupu huchapwa kama kiungo cha maneno, ambacho kwa macho ni kilekile lakini kwa kompyuta ni herufi nyingine. Msomaji ananakili amri, anaibandika, inakataa, na wala haoni kosa liko wapi.

Mkato wa juu ndani ya maneno kama ng'ombe na ng'oa hauna shida, utachapwa umejikunja vizuri. Ndani ya amri ndiyo shida: awk na sed zinataka ule ulionyooka. Humo andika `\(aq`.

La tatu ndilo linalokera zaidi kwa Kiswahili. Kichapishi hukata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na silabi zetu hakizijui, kwa hiyo utakuta neno limekatwa mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza asingekata. Weka `.nh` baada ya kichwa cha ukurasa kuzima ukataji, na `.ad l` ili mistari isivutwe kujaza upana.

Kabla ya kumpa mtu, pima kwa `mandoc -T lint inxi.1`, kisha soma mwenyewe kwa `man ./inxi.1`. Ikikaa sawa, iweke `/usr/local/share/man/sw/man1/`, usiifute ile ya Kiingereza. Mwenye mpangilio wa `sw_TZ` (Kiswahili cha Tanzania) kwenye mashine yake ataiona yenyewe, wengine wataendelea na ya zamani.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la mafundi watu wanabandika matokeo ya inxi ya mashine za wateja. Ni salama?

Wakitumia `-z`, kwa sehemu kubwa ndiyo. Inaficha namba za seriali, anwani za IP na MAC, jina la mashine na jina la mtumiaji kwenye folda ya nyumbani. Haifichi UUID (namba ndefu za kipekee za partisheni) wala majina ya partisheni. Hizo zina vichujio vyake, `--zu` na `--zl`. Ila marekebisho ya kweli yako kwenye mwongozo. Watu hunakili amri kama walivyoikuta, kwa hiyo kila mfano ulioandikwa humo uwe na `-z` tangu mwanzo. Pale tu seriali inapohitajika, kama kwenye dai la waranti, ndipo iondolewe, na iandikwe kwamba amri hiyo inataka `sudo`, la sivyo kwenye matoleo ya sasa itatokea `superuser required` na fundi mgeni atadhani mashine imefungwa.

Niko Bukoba. Kompyuta ya mezani imeandika `To be filled by O.E.M.` mahali pa jina la mtengenezaji. Niripoti kama hitilafu?

Usiripoti. Taarifa hizo inxi inazisoma kwenye jedwali la DMI ambalo mtengenezaji wa madabodi alipaswa kulijaza ndani ya BIOS. Hakulijaza, hayo ndiyo maneno aliyoyakuta akayaacha. `sudo dmidecode -t system` itakuonyesha yaleyale. Jaribu `-t baseboard`, mara nyingi modeli ya madabodi yenyewe ipo.

Mwongozo uliseme hili kwa upana zaidi: programu ya aina hii inaripoti kile kifaa kinachojisemea. Flashi bandia inayojitangaza GB 128 huku ina GB 8 itaonekana GB 128, bila aibu. Kuipima ni kazi ya `f3write` na `f3read`, zinazoijaza data kisha kuisoma tena.

Igoma hapa. Betri inaonyesha 92.6% lakini haifikishi saa moja na nusu. inxi inadanganya?

Umesoma asilimia isiyo yake. Tazama mstari wote:

```
charge: 28.9 Wh (92.6%) condition: 31.2/48.8 Wh (63.9%)
```

`charge` ni chaji iliyopo sasa ukilinganisha na uwezo uliobaki. `condition` ni uwezo uliobaki ukilinganisha na wa siku betri ilipotoka kiwandani: 31.2 kati ya 48.8. Anayenunua kompyuta mpakato iliyotumika aangalie ya pili. Kwenye mwongozo wenu iwekeni kwanza, hata kama kwenye skrini inakuja baadaye.

`inxi -s` haitoi joto lolote. Mwongozo unasema itatoa.

Sakinisha `lm-sensors`, endesha `sudo sensors-detect`, jaribu tena. `inxi --recommends` inaorodhesha kila programu saidizi inayokosekana; amri hiyo ikae ukurasa wa kwanza wa mwongozo wowote. Joto likionekana na likawa juu, fungua feni kabla ya kulaumu prosesa: wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku hujaa kwenye matundu ya hewa kuliko vumbi.

Sengerema: `inxi -U` inakataa kusasisha.

Uliisakinisha kwa `apt`. Vifurushi vya mifumo mingi huzima `-U` makusudi. Sasisha kwa `apt` hiyohiyo. Kwenye mwongozo futa `-U`, au sema wazi ni kwa aliyepakua faili mwenyewe.

Nansio, Ukerewe. Bando ni shida, vijana wangu wana simu tu. Mwongozo niwapeje?

Maandishi matupu, yasiyo na picha za skrini. Ukurasa wa `man` ukiwa umekaa sawa, faili inatoka hivi:

```
MANWIDTH=40 man ./inxi.1 | col -b > inxi.txt
```

Upana wa 40 unaingia kwenye simu nyingi bila kuvuta pembeni. Amri ndefu zitavunjika mistari miwili, kwa hiyo zile zinazozidi herufi 35 zikate wewe mwenyewe kwa `\` mwishoni mwa mstari (ndani ya faili ya `man` alama hiyo huandikwa `\e`), ili aliyenakili zote mbili zifanye kazi.