Kukaa Montrose, Houston

Dada, umeuliza kama ukae Montrose, mtaa ulio karibu na katikati ya jiji hapa Houston, Texas, au uende kusini-magharibi kwa wenzetu maana kazi umepata downtown. Mi nasema kama upo peke yako na hauna gari kaa Montrose, kwa sababu basi namba 82 linapita Westheimer moja kwa moja hadi mjini, na Houston hii bila gari sehemu nyingi unateseka kwelikweli. Halafu makumbusho ya sanaa ya Menil kuingia bure, tangu 1987 hadi leo, unavuka tu barabara una nyasi na miti mikubwa ya mwaloni, watu wamelala na vitabu na mbwa wao, na Rothko Chapel ya 1971, kikanisa cha dini zote chenye michoro ya Rothko, iko hapohapo nayo bure. Mi napapenda sana pale.

Ila kodi imechangamka, na nyumba nyingi ni za mbao za zamani, kwahiyo uliza ac kabla ya yote, ile ya dirishani mwezi wa nane haitoshi. Na Houston haina sheria za kugawa maeneo ya makazi na ya biashara kama miji mingine, baa inaweza kuwa ukuta kwa ukuta na chumba chako, nenda ukaangalie nyumba ijumaa usiku sio jumanne mchana!! Parking pia, soma kibao cha mtaa vizuri mitaa mingine wanataka kibali wanavuta gari za wageni.

Unga na dagaa utafuata hukohuko kusini-magharibi, mtaa wa Alief, wikendi, omba lifti.