Barua kwa mwanangu: Nani anajaza mafuta ya chombo cha kurudi?

Mwanangu mpenzi,

Hadithi yako nimeisoma yote, na swali lako sijalitoa kichwani tangu siku ile. Unasema wenzako hawaiamini sura ya tatu: watu wa koloni la sayari ya Mirihi wameishi chini ya kampuni miaka 40, wanauziwa hata hewa wanayovuta, kisha mtu mmoja anahutubia bwaloni na kesho yake wote wanadai kujitawala. Ukaniuliza: "Mama, umefundisha historia miaka yote hiyo. Vuguvugu la uhuru hukuaje hasa? Na litakuaje mahali ambapo mtawala ndiye aliyeshika hewa?"

Wenzako wameona sawasawa. Hotuba yenyewe ni nzuri, usiifute, ila imekuja mapema mno. Watu wako hawajawahi kufanya jambo lolote pamoja kabla ya usiku ule. Hawana chama, hawana mfuko, hawana hata timu ya mpira. Watu wa namna hiyo wakihutubiwa hupiga makofi, wakaenda kulala.

Tazama kwetu. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na kabla yake kulikuwa na African Association ya mwaka 1929. Lakini chini ya hizo zote kulikuwa na vyama ambavyo serikali haikuviona kuwa siasa: vya ngoma, vya soka, vya kuzikana. Mtu aliyetoka bara kuja Dar es Salaam kutafuta kazi alikuwa na hofu moja kubwa, nayo ni hii: nikifa huku ugenini, nani atanisitiri? Wakachanga. Wakamchagua mwenyekiti na mweka hazina, wakagombana juu ya daftari, wakapatana. Mtu aliyeona jirani yake amezikwa kwa heshima kwa fedha iliyochangwa na maskini wenzake ameshajua kwamba wanaweza kuendesha mambo yao bila bwana mkubwa. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa lelemama, ngoma ya wanawake. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na kiongozi akikubali kikundi kizima kinaingia. Vitabu vingi vya shule vinakaa sana kwa walimu na makarani, vikifika kwa wanawake hawa vinapita mbio, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nakuuliza: koloni lako linazikaje? Mwili wa binadamu umejaa maji na naitrojeni, na Mirihi vitu hivyo ni adimu. Kampuni yenye hesabu kali itasema maiti irudishwe kwenye mitambo ya bustani. Itasema hivyo kwa upole, kwa fomu, na pengine hata mkatabani jambo hilo lilikuwemo. Hapo ndipo ningeanzia hadithi: mama mmoja anataka mtoto wake alale mahali penye jina lake. Majirani wanachanga posho zao za maji ili wailipe kampuni thamani ya mwili ule. Mwezi ujao anakufa mwingine, wanachanga tena, sasa wana daftari. Hakuna aliyetamka neno uhuru, na bado chama kimeshazaliwa.

Jambo la pili ni mkataba. Babu yako mzaa baba alikuja Tanga kukata mkonge akiwa manamba. Alisajiliwa huko Kigoma na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyotafuta vibarua, akapandishwa treni kwa mkataba wa kwenda na kurudi. Mtu wa mkataba huvumilia mengi kwa sababu anahesabu siku. Chakula kibaya, atakula kwao. Nyapara mkali, atamwacha huku. Babu yako alivumilia hivyo hivyo, mpaka akaoa, akazaa, na siku moja akagundua kwamba hahesabu tena. Watoto wake hawakuwa na kwao kwingine pa kurudi. Katika koloni lako pia, wale wa kwanza walitia sahihi Duniani na wanajua walichokubali. Waliozaliwa kule hawakutia sahihi chochote, nao miili yao imekulia kwenye uzito ambao ni kama asilimia 38 ya ule wa huku. Hao ndio watakaouliza kwa nini wanadaiwa deni la nauli ya wazazi wao. Umewaweka kama wapita njia tu katika hadithi. Walete mbele, na usiwafanye wawachukie wazazi wao kwa kukubali mkataba ule. Ugomvi wa namna hiyo nyumbani una mapenzi mengi ndani yake.

Halafu kuna mtu wa katikati. Harry Thuku wa Kenya alikuwa opereta wa simu katika ofisi ya Hazina ya serikali pale Nairobi. Alikuwa anakula mshahara wa serikali ileile iliyowalazimisha wanaume Waafrika kuanzia miaka 16 kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho wa kazi. Alipokamatwa Machi 1922 kwa kuwaongoza watu kupinga mambo kama hayo, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, Muthoni Nyanjiru akawasuta wanaume waliokuwa wakisitasita, polisi wakafyatua risasi, na watu zaidi ya 20 wakafa, naye Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Nataka uone kazi ya Thuku kabla ya kukamatwa. Makarani, makondakta wa treni, matarishi na wapiga simu husikia lugha ambayo wakubwa huzungumza wao kwa wao. Kule Mirihi ujumbe kutoka Duniani unachukua dakika 3 hivi sayari zikiwa karibu, na hadi dakika 22 zikiwa mbali. Kuna mtu anayeupokea usiku kabla meneja hajaamka. Mtu huyo anajua kwamba bei ya hewa itapanda, na anajua kwamba sababu iliyotajwa kwenye tangazo siyo ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Mpe jina. Mpe na hofu, maana ana mengi ya kupoteza kuliko mchimba barafu.

Serikali ya Tanganyika iliwaelewa vizuri watu wa aina hiyo. Mwaka 1953 iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Ilidhani inakikata chama kichwa. Chama kikaegemea zaidi kwa wachuuzi, madereva na watu wa sokoni, ambao hakuna waraka wa serikali ungeweza kuwafukuza kazi.

Sasa sikio la nje. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, watu kama 3,000, ili ardhi wapewe wafugaji wa Kizungu. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo palikuwa na mahali pa kushtaki juu ya kichwa cha gavana. Wameru wakachanga, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1952. Ardhi haikurudishwa. Lakini aliporudi alizunguka akisimulia, na watu wa mikoa mingine wakaona kwamba kilio cha Meru kinafanana na chao. Miaka mitatu baadaye Nyerere naye alisimama mbele ya baraza lilelile.

Watu wako wa Mirihi watashtaki wapi? Hapa umeniacha na njaa, kwa sababu sheria ipo na hukuitumia. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha Mwezi au sayari. Tena unasema shughuli za kampuni binafsi huko juu lazima ziruhusiwe na kusimamiwa daima na nchi husika, na nchi hiyo ndiyo inayowajibika. Kwa hiyo kampuni yako haiwezi kusema "hii ni ardhi yetu", na nchi iliyoipa kibali haiwezi kusema "hayatuhusu". Mtu mmoja aliyesoma ibara hizo mbili akizisoma kwa sauti kwenye kikao cha chama cha kuzikana, kikao hakitabaki kilivyokuwa. Wala usidhani mambo ya anga ni ya wenye roketi peke yao. Mwaka 1976 nchi za Ikweta, Kenya, Uganda na Zaire zikiwemo, zilitangaza huko Bogotá kwamba mzingo wa setlaiti ulio juu yao, kilomita kama 36,000, ni sehemu ya maliasili zao. Wakubwa hawakukubali, lakini dai liliandikwa, na nyingi kati ya nchi zilizolitoa hazikuwa na chombo hata kimoja huko juu.

Nije sasa kwenye hewa, maana ndiyo fundo lako. Umeandika kwamba hawawezi kugoma, kwa sababu mitambo ya hewa ikisimama wote wanakufa. Kweli, hiyo hawawezi kuigusa, na atakayeigusa awe adui wa wote. Lakini kampuni inahitaji kitu kingine ambacho mgomo wake hauui mtu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ule ukapanda reli ukaenda bara. Mwezi Januari mwaka huohuo Mombasa yote ilikuwa imesimama. Bandari ndiyo koo la koloni: kila kinachoingia na kinachotoka kinapita mikononi mwa wabeba mizigo.

Bandari ya Mirihi ni uwanja wa kutua vyombo, na mizigo mizito kuliko yote ni mafuta ya kurudi. Mafuta hayo hayabebwi kutoka Duniani, yanatengenezwa kulekule: methani na oksijeni kutokana na barafu na hewa ya ukaa. Kazi hiyo si mchezo. Mtambo wa majaribio uliokuwa ndani ya Perseverance, gari la utafiti la Marekani, ulianza kutoa oksijeni kutokana na hewa ya Mirihi mwaka 2021, na hadi unamaliza kazi mwaka 2023 ulikuwa umepata gramu 122 tu. Chombo kikubwa kinahitaji mamia ya tani. Kwa hiyo pana kikosi kizima cha watu wanaojaza matangi miezi na miezi. Na safari ina msimu wake, kama majahazi yanavyongoja kaskazi na kusi: sayari hukaa mahali pa kufaa kila baada ya miezi 26 hivi. Chombo kikikosa msimu, kinakaa chini miaka miwili na zaidi, pamoja na mali yote ya kampuni. Wale wajaza mafuta wakiweka vifaa chini wiki tatu kabla ya msimu kwisha, hewa inaendelea kuvuma, watoto wanalala salama, na Duniani wakurugenzi hawalali. Hapo ndipo hotuba yako inapata mahali pake, na hapo nitaiamini.

Usiwafanye wote wakubaliane. Januari 1958 TANU ilikaribia kupasuka Tabora kwa ajili ya kura tatu, ule uchaguzi uliomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Nyerere alitaka waingie, wengine waliona ni fedheha. Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake. Mimi naona Nyerere alikuwa sahihi, lakini Mtemvu hakuwa mjinga wala msaliti, na nimewaambia wanafunzi wangu hivyo kila mwaka. Kampuni yako itatoa viti vitatu kwenye bodi, hakika. Waandikie watu wema pande zote mbili za swali hilo.

Na kuna jambo ambalo hadithi haijaligusa kabisa. Tulipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini maofisa wa jeshi walibaki wengi wao Waingereza, na Januari 1964 askari wa kambi ya Colito wakaasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Wewe umemaliza kwenye bendera. Ndani ya chumba cha mitambo ya hewa usiku ule ameketi nani, analipwa na nani, na mafunzo yake aliyapata wapi? Niandikie sura hiyo hata kama haitaingia kitabuni, unitumie kabla ya Idi. Baba yako anakusalimu, na amekwishaanza kuwauliza marafiki zake wa reli jinsi zamu za usiku zinavyopangwa, akuandikie.

Mama yako