Mwanangu alichukuliwa na ziwa: je, mateso haya yana maana gani mbele za Mungu?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninafanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Miezi minane iliyopita mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alikwenda ziwani usiku na wenzake kuvua dagaa. Upepo wa kusini uliwakuta huko, mtumbwi ukapinduka. Wawili waliokolewa, lakini mwanangu na mwenzake mmoja, ambaye mama yake anakaa Katonga, hawakurudi. Mwili wa mwanangu tuliupata siku ya tatu. Tangu hapo nimeambiwa mengi. Jirani alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mzee mmoja wa ukoo anasema ni laana, na kuna mtumishi aliyetaka nitoe sadaka ya kuikata. Katika kikundi chetu cha maombi nimeonywa kwamba kulia muda mrefu hivi ni kukosa imani. Ninaumia zaidi wakati wa mbalamwezi, mitumbwi inapopandishwa ufukweni kwa kuwa dagaa hawavuliwi kukiwa na mwanga wa mwezi, kwa sababu hizo ndizo siku alizokuwa akilala nyumbani. Nimemwomba Mungu anionyeshe maana ya jambo hili, siioni. Nimekosa nini? Na je, ni dhambi kumwuliza Mungu kwa nini? Yule mama wa Katonga sijaweza hata kumtazama usoni.

JIBU: Amina, mama. Pokea pole yangu kabla ya neno lolote la mafundisho, kwa sababu mzazi kumzika mtoto aliyetarajia aje amzike yeye ni jambo ambalo miezi minane haiwezi kulimaliza, na mtu asikuhesabie siku.

Nianze na lile linaloweza kujibiwa kwa ufupi. Hakuna kosa lako lililomzamisha mwanao. Watu walipomletea Bwana Yesu habari za waliouawa, yeye mwenyewe aliongeza habari za wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu, kisha akajibu kwa neno moja: sivyo (Luka 13:4-5). Nabii Ezekieli naye ameandika kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe (18:20). Upepo wa kusini unaolichafua Ziwa Tanganyika wakati wa kiangazi hauchagui ukoo. Kwa hiyo huyo aliyetaka sadaka ya kukata laana usimpe hata shilingi moja. Kristo alikwisha kufanywa laana kwa ajili yetu (Wagalatia 3:13), na hakuna mtumishi aliyeruhusiwa kuiuza kazi hiyo mara ya pili kwa mama aliyefiwa.

Neno la jirani yako linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa linatoka katika moyo mwema. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni maneno tunayoyasema sote misibani, na anayeyasema kwa kawaida anatafuta tu namna ya kukushika mkono. Mimi mwenyewe niliyasema. Nilikuwa mchungaji kijana, nimepangiwa usharika wa kijijini huko Urambo, mkoani Tabora, nikaitwa kwenye msiba wa baba aliyekuwa amezika watoto wawili ndani ya juma moja. Nilimkuta ameketi juu ya gogo nyuma ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, mikono yake bado ina ule weusi wa gundi ya majani ambao hautoki kwa maji matupu. Nikamwambia maneno hayo, nikaongeza na Ayubu 1:21. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Mchungaji, neno hilo angekuja kuniambia mwenyewe." Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani nilikisoma upya kitabu cha Ayubu, nikaona jambo lililonipita nilipokuwa chuoni, kwamba "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa" ni maneno ya Ayubu juu ya msiba wake mwenyewe, wala hayakuwekwa kinywani mwa mgeni yeyote aliyekuja kumpa pole. Rafiki zake walifanya vema kwa siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno (2:13). Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu, hata mwisho wa kitabu Mungu akawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama alivyonena Ayubu (42:7), yule yule Ayubu aliyelalamika sura baada ya sura.

Nalo neno la yule baba wa Urambo, kwa imani yetu, lilikwisha kupata jibu, maana Mungu alikuja mwenyewe. Alipofika Bethania, Lazaro akiwa na siku nne kaburini, hakumwambia Martha wala Mariamu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Alilia machozi (Yohana 11:35). Tena mistari miwili kabla ya hapo tunasoma kwamba "aliugua rohoni", na neno la Kigiriki lililotafsiriwa hivyo lina hasira ndani yake, kama ya mtu aliyekutana uso kwa uso na adui yake. Ndivyo Paulo anavyoiita mauti: adui wa mwisho (1 Wakorintho 15:26). Imani haikudai, mama, ukiite chema kitu ambacho Kristo alikililia.

Umesema umemwomba Mungu akuonyeshe maana na huioni. Hapa Kiswahili chetu kinatubana kidogo, kwa sababu neno "maana" linafanya kazi mbili. Tunasema "sikuja, maana nilikuwa naumwa", na hapo maana ni sababu, ni jambo lililotangulia tukio na kulileta. Tunasema pia kwamba kazi fulani ina maana au haina maana, na hapo tunauliza inaelekea wapi na itazaa nini. Aliyefiwa huanza kwa kuitafuta ile ya kwanza, na wenye kumfariji huharakisha kumbunia. Wanafunzi nao waliitafuta hiyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana aliifunga njia hiyo kabisa, akayageuza macho yao kutoka nyuma kwenda mbele, akasema kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake, kisha akatema mate chini, akafanya tope, akaanza hiyo kazi pale pale (Yohana 9:1-7). Juu ya mwanao, sidhani kwamba utapata sababu nyingine zaidi ya zile unazozijua: upepo, mawimbi, usiku na mtumbwi mdogo. Lakini maana ile ya pili haijafungwa, wala hukuachiwa uitengeneze peke yako.

Labda utauliza: mbona Yusufu aliwaambia ndugu zake, "mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema" (Mwanzo 50:20)? Ni kweli aliwaambia. Ila hesabu miaka. Aliuzwa akiwa na umri wa miaka 17, na ukijumlisha umri wake na wa Yakobo kama Mwanzo inavyoutaja, utaona kwamba alipoyasema hayo alikuwa anakaribia miaka 56. Yalimchukua takriban miaka 39, na alipokuwa shimoni hakuna aliyeinama ukingoni kumhubiria hayo. Ukanda wetu wa ziwa nao una shahidi wake. Adrian Atiman aliibwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na wamisionari nchini Algeria, akasomeshwa uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwenu katika ziwa hili hili, ambako alitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Je, waliomwiba mtoto yule walikuwa wakitenda kazi ya Mungu isiyo na makosa? La hasha. Wizi ulibaki wizi, na mama aliyeibiwa mtoto hakulipwa na mgonjwa yeyote aliyepona Karema. Lakini uovu ule haukumshinda Mungu. Andiko linasema kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema (Warumi 8:28). Litazame hilo neno "katika". Halisemi kwamba mambo yote ni mema, wala kwamba yote ameyatuma yeye.

Umeuliza pia kama kumwuliza Mungu ni dhambi. Pale msalabani Mwana asiye na dhambi aliuliza kwa sauti kuu, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" (Marko 15:34), na Marko akayahifadhi maneno hayo kwa lugha yake mwenyewe aliyoyalilia, Eloi, Eloi, lama sabakthani, kana kwamba hakutaka yapotee katika tafsiri. Ni maneno ya Zaburi ya 22. Unapouliza kwa nini, unaingia katika sala ambayo Kristo alikwisha kuisali, wala huko hauko peke yako. Hakujibiwa kwa maelezo. Alijibiwa siku ya tatu, kwa kufufuliwa. Nami ninajua kwamba hayo maneno "siku ya tatu" yamekuwa mazito kwako, kwa sababu siku yako ya tatu ilikuwa ya kuupokea mwili ufukweni. Ukifika hapo katika kuikiri Imani ya Mitume na sauti ikakukwama, nyamaza, uwaache walio kushoto na kulia kwako waseme kwa niaba yako. Ndiyo mojawapo ya sababu tunaikiri kwa pamoja. Tumaini letu kwa mwanao liko katika maneno hayo matatu, na litakungoja hadi utakapoweza kuyatamka tena.

Kuhusu kikundi chako cha maombi, nadhani wameusoma vibaya 1 Wathesalonike 4:13. Paulo hakusema msihuzunike. Alisema msihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno moja la shukrani, na bado imo katika Biblia, ikasaliwe na watu wa hali kama yako. Waombe dada zako hao waisome pamoja nawe siku moja, polepole, bila mtu kuifafanua. Na kama usingizi umekukimbia kwa majuma mengi au chakula hakipiti, nenda pia hospitali ukaeleze hali hiyo, kwa kuwa kufanya hivyo hakupunguzi imani.

Limebaki la Katonga, ulilolitaja mwishoni, nami nimelifikiria kuliko mengine yote. Paulo anasema Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tupate kuwafariji walio katika dhiki za namna zote (2 Wakorintho 1:4). Hasemi tungoje hadi tupone kwanza. Mbalamwezi ijayo, mitumbwi ikishapandishwa, funga biashara mapema uende kwa mama yule. Yeye naye huzihesabu siku hizo hizo kila mwezi, na huenda naye anaogopa kukutazama, akidhani unamlaumu mwanawe. Usiandae maneno. Akitaka kulia, lieni. Akitaka kusimulia habari za vijana wenu, zile za kuchekesha pia, simulianeni hadi usiku. Ukiona njia ni ngumu kwenda peke yako, mwombe dada mmoja wa kile kikundi akusindikize, ila umwambie mapema kwamba kazi yake ni kuketi nanyi tu.