Kabla hujasema "Wahindi wana akili ya biashara"

Ukikaa na wafanyabiashara wa Kariakoo, mazungumzo yakirefuka lazima yafike kwa Wahindi. Mmoja atasema wenzetu wamezaliwa nayo. Mwingine atasema wao wanabebana, sisi tunarogana. Wa tatu atasema walitunyonya tu, hakuna cha ziada. Halafu tunaagiza chai nyingine na kila mtu anabaki na lake.

Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwa Bohora mmoja (Mabohora ni Waislamu wa Kishia wenye asili ya Gujarat, India) muuza vifaa vya ujenzi, nikianzia kubeba mizigo stoo mpaka kukaa kaunta, kabla sijafungua duka langu la vitasa, bawaba na mabomba. Vijana wananifuata wakidhani kuna siri niliyotoka nayo kule. Hakuna siri. Kuna mambo ambayo tukiyaelewa vibaya yanatupotezea pesa, na la kwanza ni jinsi tunavyojilinganisha.

Chukua Reli ya Uganda, ile iliyojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901. Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Takriban 2,500 walikufa kazini, na wengi wa waliopona walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Waliobaki huku hawafiki 7,000. Wenye maduka, kwa sehemu kubwa, hata hawakuja na reli: walitoka Gujarat na Kutch kwa jahazi, wengi wakiitwa na mjomba au kaka aliyetangulia. Na aliyefilisika alirudi alikotoka, hayupo leo tumhesabu. Kwa hiyo unapomtazama mwenye duka wa kizazi cha tatu pale Mtaa wa India, unamtazama aliyebaki baada ya mchujo wa miaka mia. Halafu unamlinganisha na nani? Na kijiji kizima cha kwenu, mwenye bidii na asiye na bidii, mgonjwa na mzima, aliyetaka biashara na aliyetaka ng'ombe wake tu. Hiyo hesabu haikubali.

Mhamiaji alinganishwe na mhamiaji. Sisi Wakinga tulitoka Makete, kwenye baridi na mashamba ya mteremko, tukaenda Makambako, Mbeya, Iringa, hatimaye Kariakoo. Kijana wa Kikinga anachukuliwa na ndugu mwenye duka, anafanya kazi anakula na kulala tu, mshahara hakuna, na siku akionekana amekomaa anapewa mzigo wa kuanzia. Wachaga wana ya kwao, Wapemba wana ya kwao. Ukituweka sisi tuliohama karibu na Wahindi waliohama, ile "akili ya biashara" inaanza kufanana sana. Mtu aliyeacha shamba la baba hana pa kurudi, anakaza buti.

Lakini hatukuanzia mstari mmoja, na hili vijana wengi hawalijui. Ukilazwa Muhimbili unaweza kupelekwa jengo la Sewahaji. Huyo Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyekufa mwaka 1897, na utajiri wake ulitokana na kuzipa misafara ya bara bidhaa na wapagazi, nyingi kwa mkopo. Mkopo ndio ulikuwa biashara yenyewe. Sasa angalia Mwingereza alifanya nini. Mwaka 1923 Tanganyika ilipata sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali, hawezi kumdai mahakamani. Wakasema ni kutulinda tusije tukatapeliwa. Sawa, wapo waliokuwa wanatapeliwa. Ila jiweke wewe uwe Mhindi mwenye godauni mwaka 1930: kuna Mhindi mwenzako anataka marobota ya kanga alipe baada ya miezi mitatu, na kuna Mwafrika anataka hivyo hivyo, lakini wa pili akikimbia sheria haikusaidii. Utampa nani?

Ongeza shule zilizogawanywa kwa rangi mpaka miaka ya uhuru, na mji wenyewe uliokatwa vipande: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Nyumba ya Uhindini ilikuwa ya mawe, chini duka, juu familia, na ilikubalika kama dhamana. Kibanda cha Uswahilini hakikuwa dhamana ya kitu. Vizazi viwili vya namna hiyo vinatosha kuleta tofauti kubwa bila mtu yeyote kuzaliwa na akili zaidi ya mwenzake.

Nikimaliza kusema haya, kijana mmoja lazima aulize: "Kaka, wakoloni wameondoka 1961. Sasa hivi nifanye nini?" Swali zuri. Nirudi kwa bosi wangu.

Kilichonishangaza kwake ni kwamba hakuwa na pesa nyingi mkononi. Niliyemdhania tajiri wa kutisha, kuna wiki droo ilikuwa tupu kuliko ya mama ntilie. Alichokuwa nacho ni mali kauli, yaani kupewa mzigo kwa neno lake tu, alipe baadaye. Anapiga simu kwa mwenye mzigo, anaongea Kigujarati dakika mbili tatu, anacheka, anakata. Jioni gari linashusha. Hakuna karatasi ya benki, hakuna hati ya nyumba. Malipo siku sitini. Na daftari lake lilikuwa na safu moja nyembamba pembeni, imepigwa mstari mwekundu kwa rula, ya tarehe za kulipa watu. Mimi nilidhani safu muhimu ni ya tunaowadai sisi, wale mafundi waliochukua koki wakapotea. Yeye hiyo ya wadaiwa aliitazama mara moja kwa wiki. Ile nyembamba aliitazama kila asubuhi kabla hajavua koti. Tarehe ikiwa Ijumaa, pesa ilipelekwa Alhamisi, na mara nyingi mimi ndiye niliyetumwa nayo ndani ya bahasha. Niliwahi kumuuliza kwa nini tusikae nayo mpaka Jumatatu, mwenye mzigo hata hajapiga simu kuidai. Akanijibu, "Akipiga simu, nimeshaharibu."

Nyuma ya hiyo kauli kuna jumuiya. Mabohora wana mfuko wao wa karadha hasana, mkopo usio na riba: wenye nacho wanaweka, mwenye haja anakopa, anarudisha kilekile alichochukua. Ismailia, Waislamu wa Kishia wanaomfuata Aga Khan, nao walijenga taasisi zao mapema. Aga Khan wa tatu alipopimwa uzito kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, fedha za jubilei ile zilikwenda kwenye mfuko wa kuwakopesha watu wao kujenga nyumba na kufungua biashara, na kutoka humo ikazaliwa benki ambayo tunaiona mjini mpaka leo. Mtu anayedaiwa na mfuko wa jumuiya yake hawezi kuhamia Mbagala akabadilisha laini ya simu. Atamuozesha nani binti yake? Atazikwa na nani?

Ndiyo maana nawaambia vijana: upatu na VICOBA ni vizuri kwa ada ya shule na bati za nyumba, ila kwa biashara tafuteni kikundi cha watu wa biashara moja. Kikundi chenye muuza nywele, dereva wa bodaboda na muuza mkaa kinakusanya akiba, basi. Wauza vitasa saba wakikaa pamoja wanaagiza kontena, na mmoja akitaka kuyumba wengine wanamwona mapema, kwa sababu wanajua bei ya kitasa na wanajua mzunguko wake. Kikundi chetu ndivyo kilivyo. Tuligombana mno mwanzoni, hasa juu ya nani atunze funguo za stoo. Sasa msambazaji anatupa mzigo kwa jina la kikundi, kwa masharti ambayo hakuna hata mmoja wetu angepewa akienda peke yake.

Wanaobisha kwamba utajiri ni mali inayoonekana dukani waende Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka, viwanda na nyumba zikagawiwa, nyingi kwa wanajeshi na watu wao, wale walioitwa mafuta mingi, matajiri wa ghafla. Wakauza kilichokuwa kwenye rafu, kisha rafu zikawa tupu. Walipewa duka, hawakupewa simu ya dakika mbili. Waliofukuzwa wakafika Leicester na Kanada na masanduku yao, wakaanza kwenye baridi, na baada ya muda wengi wao wakasimama tena. Ukoo wa Madhvani ulirudi Kakira miaka ya 1980 kufufua kiwanda chao cha sukari. Hapa kwetu hatukumfukuza mtu, ila mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, wazee wanayakumbuka kama nyumba za Msajili. Wahindi wengi wakahamia Toronto na London. Waliobaki wakawa wapangaji kwenye nyumba walizojenga wenyewe, na bado wakaendelea kuuza.

Na tusisahau kwamba mambo haya Waafrika tumeyafanya, tena kwa kiwango kikubwa. Usukumani wakulima wa pamba walichoshwa na mizani ya wanunuzi wa Kihindi, kila kilo ikipungua kidogo. Paul Bomani na wenzake wakaweka mizani yao, wakaunda vyama, na kufikia 1955 kukawa na muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, mojawapo ya mikubwa Afrika, ukinunua pamba na kumiliki vinu vya kuchambulia. Kilimanjaro KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilikuwapo tangu 1933, na Uchagani watoto wakasoma kwa kahawa. Hapo palikuwa na mfuko mkubwa kuliko mtu, na matokeo yake yalionekana kwa macho. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Mimi huwa nakasirika zaidi nikikumbuka hilo kuliko nikimkumbuka Mwingereza. Mfuko wa Ismailia haukuvunjwa na mtu. Wetu tuliuvunja wenyewe.

Kuna ambayo sikuyachukua kule, na nawashauri msiyachukue. Droo ya pesa ilikuwa ya mpwa wa bosi, kijana aliyekuja juzi kutoka India, asiyejua tofauti ya bomba la nusu na la robo tatu. Mimi nilikuwa nafundisha, yeye anashika funguo. Mafundi walikuwa wananiuliza, "We mzee huku umefika wapi?" na sikuwa na jibu. Mshahara nao usiuulize. Huo ukuta umewalinda, lakini umewafanya waonekane wageni katika nchi waliyozaliwa babu zao, na kila serikali ikitafuta wa kumlaumu inajua mlango wa kugonga. Pia si kila Mhindi ni tajiri. Nimewajua mafundi cherehani wa Kisutu na wajane wa Upanga wanaoishi kwa msaada wa jumuiya, ambao hakuna anayewataja tukiwa kwenye chai.

Kwangu droo ameshika binti wa Kihehe asiye ndugu yangu. Tunafunga hesabu kila jioni wote wawili tukiwepo, tunasaini. Ndugu zangu waliona ni matusi. Wakinga wenzangu nao kwa hili wamefanana na Wahindi kupita kiasi.

La mwisho ni hili. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo rejareja, kutengeneza simu na saluni. Ilielekezwa zaidi kwa wageni wapya wa Kariakoo, maana Wahindi wengi tunaowasema ni raia kama mimi na wewe. Vijana wameshangilia, na fremu kadhaa zimebadilisha mikono. Mimi siipingi amri. Ila kama umeitiwa fremu iliyoachwa na Mchina na dalali anataka kilemba, ile pesa ya kuachiwa fremu mbali na kodi, usimlipe siku hiyo. Muulize aliyekuwepo mzigo ulikuwa unatoka kiwanda gani, nani alikuwa anausafirisha, na kwa malipo ya siku ngapi. Akikupa namba, ipige mbele yake, uongee na huyo mtu. Asipokupa, unanunua ukuta na taa, na Kariakoo kuta zipo nyingi za bei rahisi zaidi ya hiyo.