Kumkumbuka ndugu aliyeishi na ulemavu wa akili

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Kaka yangu, aliyezaliwa na ulemavu wa akili, amefariki akiwa mtu mzima. Hakuweza kuswali kama sisi, lakini alikuwa hakosi msikitini: alipanga viatu vya waumini mlangoni, kila jozi ikielekezwa nje ili mwenyewe akitoka avae na kwenda zake, na "Amin" yake ilikuwa ikija baada ya watu wote kunyamaza. Nataka kuandika habari za maisha yake wazisome watoto wetu. Baadhi ya jamaa wananikataza. Wanasema hana la kusimuliwa, kwamba alikuwa mtihani tu kwa wazazi na sasa wote wamepumzika, na kwamba hata dua haihitaji kwa kuwa hana dhambi. Je, wamesema kweli? Na je, tunadaiwa fidia ya swala na saumu zake?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yako na akupeni subira nyote mliompoteza.

Andika, dada yangu, wala usisite. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mwanamke mmoja, ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu, alimwambia Mtume (s.a.w.): "Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, nina haja nawe." Mtume akamjibu kwa kumwita kwa heshima, mama wa fulani, akamwambia achague njia yoyote aitakayo ili amtimizie haja yake, kisha akasimama naye pembeni, katika mojawapo ya njia hizo, mpaka mama yule akamaliza alilokuwa nalo. Hadithi haikutaja haja yenyewe ilikuwa nini. Huenda wengi wetu tungeiona ndogo, lakini kiongozi wa umma mzima alisimama kuisikiliza hadi mwisho, na yeye mama ndiye aliyepewa kuchagua mahali.

Nakuomba uangalie pia jambo lililo nyuma ya hadithi hiyo, kwa sababu ndilo linalojibu swali lako. Anas aliiona siku ile akaihifadhi moyoni, akawasimulia waliokuja baada yake, nao wakaipokea kizazi baada ya kizazi, hata leo mwanamke yule anatajwa katika kitabu kilicho miongoni mwa vitabu sahihi kabisa vya Waislamu. Hali yake haikufichwa, wala haikutajwa kwa dharau. Ilitajwa kwa maneno machache, kisha simulizi ikaendelea na yeye mwenyewe: alichosema, alichotaka, na jinsi alivyopokelewa. Basi atakayesema kwamba maisha ya mtu kama kaka yako hayana la kusimuliwa, Anas ametangulia kumjibu.

Ama kauli kwamba alikuwa mtihani, ni kweli iliyosemwa nusu. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura Al-Furqan, aya ya 20, kwamba amewafanya baadhi yetu kuwa mtihani kwa wengine, na hakumtenga mwenye ulemavu peke yake. Mwenye akili timamu, mwenye mali na mwenye elimu pia ni mtihani kwa jirani zao, na pengine mkubwa zaidi. Ukimkumbuka kaka yako kama mzigo ambao wengine walilipwa kwa kuubeba, utakuwa umeandika habari za waliomtunza na kumwacha yeye nje. Naye alikuwa na mambo yake: alipenda, alichukia, alichagua kazi msikitini bila kutumwa na mtu. Mtume (s.a.w.) alimwambia Sa'd bin Abi Waqqas, kama alivyopokea Bukhari, kwamba hatunusuriwi wala haturuzukiwi ila kwa sababu ya wanyonge wetu. Nani anajua ni riziki ngapi ziliingia katika nyumba yenu kwa sababu yake?

Neno hilo la kwamba "mmepumzika" lisisemwe mbele ya mama aliyefiwa. Wanaolisema huenda wanakusudia kufariji, lakini linaumiza. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alisema kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Hakuna aliyewaambia muwe na huzuni pungufu kwa sababu akili ya marehemu ilikuwa pungufu.

Kuhusu dua, ni kweli kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, yaani hawaandikiwi dhambi, na katika mapokezi ya Ali (r.a.) kwa Tirmidhi ametajwa waziwazi mwenye upungufu wa akili mpaka atakapopata akili. Lakini dua ya maiti aliyoipokea Abu Huraira (r.a.) inaomba maghufira kwa walio hai wetu na wafu wetu, wadogo wetu na wakubwa wetu, na mdogo hana dhambi. Kumwombea maghufira si kumtuhumu. Tena watu hawa hutofautiana, wengine wakiwa na uwezo wa kupambanua mambo, na Mola wao ndiye ajuaye kiwango cha kila mmoja. Sisi tunamtarajia kheri kubwa bila kumkatia hukumu.

Usidhani kwamba kalamu iliyoinuliwa iliacha kuandika mema yake. Mwanamke mmoja alimnyanyua mtoto wake mbele ya Mtume (s.a.w.) akauliza kama huyo naye ana hija, akajibiwa: "Ndiyo, nawe una ujira." Wanazuoni wamechukua hapo kwamba mtoto huandikiwa mema kabla hajakalifishwa, yaani kabla ibada hazijawa wajibu juu yake, na wa madhehebu ya Hanafi humweka mwenye upungufu wa akili anayepambanua katika hukumu ya mtoto anayepambanua. Kwa hiyo tunataraji kwamba "Amin" ile haikupotea, hata kama ilichelewa.

Katika kuandika, sema kweli tu. Usimfanye walii, wala usitaje yale ya kuoshwa na kuvishwa ambayo mtu yeyote angependa yasitirike, kwani anayemsitiri Mwislamu Mwenyezi Mungu humsitiri Siku ya Kiyama. Majina ya kejeli aliyoitwa, usiyarudie. Sura Al-Hujurat, aya ya 11, imeyakataza.

Fidia ya swala na saumu hamdaiwi, ikiwa akili yake haikufikia kiwango cha kukalifishwa. Mkitaka kumtolea sadaka, inafaa, kama Sa'd bin Ubada (r.a.) alivyomtolea mama yake bustani. Mtume (s.a.w.) naye alikuwa akichinja kondoo na kuwapelekea nyama marafiki wa Khadija (r.a.) baada ya kufa kwake, basi watazameni wale waliokuwa wakimsalimu na kukaa naye, muwatendee wema kwa ajili yake. Lakini nguo zake, na fedha kama alikuwa nazo, ni mirathi. Zisigawiwe sadaka mpaka warithi wote wameridhia.

Wallahu a'lam.