Asidi imeila terazo yako mahali mahali

Pole sana, ndugu. Umeuliza kwa nini terazo ya sebuleni, yaani sakafu ya saruji yenye vipande vya mawe, baada ya kusuguliwa kwa dawa ya choo yenye asidi, ina vishimo huku vipande vingine vinang'aa kama zamani. Fundi hana kosa. Vipande vyeupe vya marumaru ni kalisaiti, madini yanayoyeyuka kwa asidi, nayo asidi huvila, pamoja na saruji inayovishika. Vile vya kwatzi, madini magumu yanayostahimili asidi, haivigusi.

Hata ndani ya kipande kimoja cha marumaru ulaji haulingani, na hapa ndipo penye utamu. Atomu iliyo katikati ya uso laini imeshikwa na majirani wengi. Iliyo ukingoni, kwenye mkwaruzo au penye kasoro ya fuwele (yaani mpangilio wa atomu wa madini hayo), ina majirani wachache, hivyo hung'oka kwanza. Ikitoka, inawaacha wenzake wazi, na kishimo kinapanuka.

Acha asidi kabisa, hata siki na ndimu. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali. Nta itaficha tu. Mwite fundi aisage upya, aanze na jiwe la kukwaruza amalizie na laini kabisa, maana kila mkwaruzo unaobaki ni mlango wa kishimo kingine.